Mnunuzi mwenye marafiki Moscow: namna ninavyomchunguza kabla hatujachuma

Msimu wa 2023 pesa za kikundi chetu cha wakulima zilikaa New York siku 41. Dola 18,600, malipo ya kontena la parachichi za Hass tulilochuma Kiwira kwenye mvua, watu wamelowa mpaka magotini. Mnunuzi hakuwa Mrusi. Alikuwa mtu mpole mwenye pasipoti ya Cyprus na ofisi Dubai, anakunywa chai ya rangi bila sukari. Siku aliyokuja Tukuyu aliwashukuru wazee wetu kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", akapigiwa makofi. Aliyetukwamisha ni mbia wake. Hatukuwahi kumwona wala kusikia jina lake, mpaka benki ya huko nje ilipoandika kuuliza huyu mwenye asilimia 40 ya kampuni inayowalipa ni nani.

Mimi nilifanya kazi benki hapa Mbeya miaka 19, dawati la fedha za kigeni, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Mwenyekiti hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, si wewe uliyetuambia huyu hana shida?" Siku ya 41 hela zikarudi zilikotoka, zimekatwa ada njiani, na parachichi zenyewe zimeshaliwa zamani. Tulikuja kulipwa kwa vipande vinne. Cha nne bado nakidai.

Tangu hapo kila mgeni anayetaka kununua kwetu anapita kwanza kwenye daftari langu. Wenzetu wa Busokelo na Njombe wameniomba niwaandikie ninavyofanya. Unahitaji simu yenye bando, kijana mwenye macho mazuri wa kukusaidia kusoma maandishi madogo, na siku mbili za kutojibu "tumekubali".

Anza kwa kujua unachokitafuta, maana hapa ndipo watu wanapotea. Hutafuti kama mtu ni mwema au mbaya. Wala hutafuti kama ni Mrusi. Mjomba wangu alisomea udaktari Moscow, Chuo cha Lumumba kile kilichoanzishwa mwaka 1960, akarudi akatibu watu mpaka alipostaafu. Na si yeye peke yake aliyepitia huko. Mbolea ya Urusi nayo si haramu: Wamarekani wenyewe waliandika Julai 2022 kwamba chakula na mbolea havilengwi na vikwazo walivyoiwekea Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine. Unachotafuta ni kimoja: pesa ya huyu mtu ikianza safari, itafika?

Mtu atakwambia, vikwazo vya Wazungu vinatuhusu nini sisi? Kisheria ana hoja. Tarehe 2 Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine, Tanzania haikuunga mkono wala kupinga. Vikwazo vinavyotubana sisi ni vya Baraza la Usalama, na kwa vita hii havipo, kwa sababu Urusi ina kura ya turufu pale. Ila sisi tunauza kwa dola. Dola ikitoka Dubai hairuki moja kwa moja mpaka Mwanjelwa. Inapita benki ya New York ambako benki yako ya hapa ina akaunti, na ile benki ya New York iko chini ya sheria ya Marekani. Kompyuta yake inalinganisha kila jina na orodha ya waliowekewa vikwazo. Jina likifanana, pesa inasimama. Kisha kuna mambo matatu: wanauliza maswali, au wanairudisha, au wanaifungia kwenye akaunti maalumu, na ikifungiwa hapo uzeeke nayo. Tangu Desemba 2023 mambo yamekaza zaidi, kwa sababu Marekani ilitoa amri inayoweza kuziadhibu hata benki za nchi nyingine zinazohudumia viwanda vya vita vya Urusi. Benki za Dubai na Istanbul zikaanza kuogopa kivuli. Na hata kabla ya amri hiyo woga ulikuwepo, ndiyo maana asilimia 40 ilitosha kutukwamisha, ingawa kanuni ya Wamarekani ya kuifunga kampuni kwa ajili ya hisa za walioorodheshwa inaanzia 50. Benki haikusubiri hesabu itimie.

Sasa kazi yenyewe. Mwombe nakala ya ukurasa wa pasipoti, siku ileile ya kwanza, kabla hajaonja parachichi. Akisema "nitatuma kesho", mwambie sawa, na shamba tutakuonyesha kesho. Usikubali kadi ya biashara. Kadi inachapishwa hata pale steshenari ya Kabwe, dakika kumi.

Kwenye pasipoti chukua jina lote, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na uraia mwingine wowote alio nao. Hilo la mwisho muulize kwa mdomo, maana pasipoti haisemi. Cyprus iliuza uraia kwa wawekezaji kwa miaka mingi mpaka ilipofunga dirisha mwezi Novemba 2020. Mtu aliweka euro milioni mbili akawa raia wa Ulaya. Kwa hiyo pasipoti ya Cyprus inakwambia mtu anaingilia mlango gani, jalada lake halikwambii alizaliwa wapi. Angalia mstari wa mahali pa kuzaliwa. Mimi sikuangalia.

Majina ya Kirusi yana ufundi wake na hapa nitakaa kidogo. Yana sehemu tatu: la kwake, la baba, la ukoo. Mwenye kundi la Wagner, wale wapiganaji wa kukodiwa wa Kirusi, aliyekufa kwenye ajali ya ndege Agosti 2023, aliitwa Yevgeny Viktorovich Prigozhin. Viktorovich maana yake mwana wa Viktor. Angekuwa binti ingekuwa Viktorovna, na ukoo ungekuwa Prigozhina. Mama yake ndiyo hivyo alivyoandikwa, Prigozhina. Ukitafuta mke au binti wa mtu kwa jina la ukoo la kiume, unaweza kupitwa. Halafu herufi zao si zetu, kila nchi inazigeuza inavyosikia. Jina lile la kwanza utalikuta Yevgeny, Evgeny, Evgeniy, Evgenii. La ukoo Wafaransa wanaandika Prigojine, Wajerumani Prigoschin. Ni mtu mmoja. Ni kama mwandishi wa kliniki anayeandika Mwakyusa leo, Mwakiusa kesho, kisha faili la mtoto halionekani. Kwa hiyo mwombe mgeni aandike jina lake kwa herufi za kwao, kwa mkono wake, kwenye daftari lako. Wengi wanafurahi kuonyesha. Piga picha maandishi hayo, simu itayageuza kuwa herufi za kunakili, na hizo ndizo utakazotafutia. Ukiongeza mbele neno санкции, yaani vikwazo, magazeti ya kwao yenyewe yatakupa zaidi ya tunayopata kwa Kiingereza.

Orodha ninazofungua ni tatu, zote bure. Ya Marekani iko kwenye tovuti ya ofisi ya Wizara yao ya Fedha iitwayo OFAC. Kuna ya Umoja wa Ulaya na ya Uingereza. Halafu kuna OpenSanctions, inayokusanya orodha za nchi nyingi mahali pamoja. Mimi huanzia hapo kwa sababu inavumilia makosa ya herufi. Kwenye ile ya OFAC kuna kitufe cha kupima ufanano wa jina, na utakikuta kimekaa 100. Kiteremshe mpaka 85. Kwa 100, ukikosea herufi moja itakwambia hakuna mtu, nawe utarudi kwenye kikao kifua mbele.

Jina likitokea, usipige yowe. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali, namba ya pasipoti. Akina Ivanov ni wengi kama akina Mwakalinga. Kisha soma ni nini hasa kimeorodheshwa. Ukiona RUSSIA-EO14024, hiyo ni amri ya Rais wa Marekani ya Aprili 2021 inayohusu Urusi. Angalia kama ni mtu, kampuni, au meli. Mfano uko jirani yetu, Namtumbo, kwenye urani ya Mto Mkuju. Mradi ule ni wa kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, na kila mtu anajua, haujafichwa. Januari 2025 Marekani ilimweka kwenye orodha mkuu wa Rosatom, Alexey Likhachev, na wakubwa wenzake, bila kuliweka shirika zima. Julai mwaka huohuo kiwanda cha majaribio kikazinduliwa pale Namtumbo. Serikali na shirika kubwa wana wanasheria wa kutofautisha hayo. Kikundi chenye wanachama 112 na mhasibu mmoja kinatakiwa kuyatofautisha kwa miwani yake mwenyewe.

Na mtu anaweza kutoka. Mama yake Prigozhin alikwenda mahakamani Luxembourg, na Machi 2023 mahakama ikafuta uamuzi wa kumweka kwenye orodha ya Ulaya. Kwa hiyo usitumie karatasi uliyochapisha mwaka jana. Angalia siku ya kusaini, angalia tena wiki ya kupakia.

Mtu akishapita, nenda kwenye kampuni. Hapa ndipo kontena letu lilipozama. Jina la kampuni halikwambii kitu. Wagner walipochimba madini Afrika hawakujiita Wagner: Jamhuri ya Afrika ya Kati kampuni iliitwa Lobaye Invest, na Lobaye ni mkoa wa kulekule, Sudan iliitwa Meroe Gold, na Meroe ni mji wao wa kale. Zote mbili ziliwekwa kwenye orodha ya Marekani mwaka 2020. Kwa hiyo mtu akija na "Rungwe Fresh" au "Livingstone Highlands" usidhani ni ya shangazi yako.

Kama imesajiliwa hapa, ingia BRELA, wakala wetu wa kusajili kampuni, lipia utafutaji rasmi, uone wakurugenzi na wenye hisa. Sheria yetu tangu 2020 inataka kampuni imtaje pia mmiliki manufaa, yaani mtu wa nyama na damu aliye nyuma ya makaratasi. Taarifa hiyo haiko wazi kwa kila mtu, lakini yeye anayo nakala aliyowasilisha. Mwombe. Akisita, andika "amesita", na tarehe. Kama imesajiliwa Uingereza, rejesta yao ni bure na inaonyesha kila mwenye zaidi ya asilimia 25. Ila ujue kwamba mpaka Novemba 2025 walikuwa hawamlazimishi mkurugenzi kuthibitisha yeye ni nani, kwa hiyo cheti cha London cha miaka ya nyuma kina uzito wa bahasha. Za maeneo huru ya Dubai mara nyingi hazionyeshi wenye hisa kabisa. Hapo mwambie alete mwenyewe cheti cha hisa chenye muhuri wa mamlaka ya eneo lile.

Ukipata majina ya wenye hisa, chukua kalamu. Kanuni ya OFAC ni kwamba kampuni inayomilikiwa asilimia 50 au zaidi na walioorodheshwa, inahesabiwa imefungwa hata kama jina lake halimo. Na hisa zao zinajumlishwa. Mmoja ana 30, mwingine ana 25, wote wamo kwenye orodha: 55, imefungwa. Panda ngazi moja juu ufanye tena, maana mwenye hisa anaweza kuwa kampuni nyingine. Nikifika ngazi ya tatu bila kukuta binadamu, nafunga daftari na mnunuzi huyo namwacha.

Angalia pia tarehe hisa zilipohama. Andrey Melnichenko, tajiri wa mbolea mwenye EuroChem, aliwekwa na Ulaya tarehe 9 Machi 2022. Siku moja kabla, umiliki ulikuwa umehamia kwa mke wake, na miezi mitatu baadaye mke naye akawekwa. Ukiona hisa zimehamia kwa mke, shemeji au dereva mwezi Februari, Machi au Aprili 2022, uliza sababu. Labda ni mahari. Uliza tu.

Mazungumzo ya ana kwa ana nayapenda kuliko kompyuta. Tunakaa, chai inakuja, ndizi za kuchoma zinakuja, nauliza kama mama mkwe anayechunguza posa. Nani mwenzio kwenye hii biashara? Mzigo unashukia bandari gani, na unaliwa wapi? Pesa itatumwa na kampuni ipi, kutoka benki ipi? Hilo la mwisho andika jibu mbele yake neno kwa neno, kwa sababu ndilo litakalobadilika. Mnunuzi anasaini mkataba na kampuni A, kisha msimu ukifika anasema pesa italetwa na kampuni B "ya rafiki". Kataa hapohapo. Kwenye mkataba wetu siku hizi kuna mistari mitatu: malipo yatatoka akaunti iliyotajwa tu, mnunuzi anathibitisha kwamba yeye, wabia wake na wamiliki manufaa hawamo kwenye orodha za vikwazo za Marekani, Ulaya na Uingereza, na pesa ikikwama kwa sababu hiyo, gharama ni zake na mzigo usiopakiwa unabaki wetu. Na tunadai nusu iwe imeingia akaunti yetu kabla mkasi haujagusa mti. Iwe imeingia, msijali risiti ya kutumwa. Risiti ya kutumwa nilikuwa nayo mimi, ya rangi, nimeilamineti.

Wapo wanaosema tuepuke benki kabisa, tulipane kwa USDT, sarafu ya kidijitali, kwenye simu. Kijana mmoja wa kikundi aliona ni akili sana. Benki Kuu yetu ilitoa tangazo la kukataza sarafu hizo tangu Novemba 2019, na hujui zinatokea wapi: soko la Kirusi la Garantex lilikuwa limewekewa vikwazo tangu Aprili 2022, watu wakaendelea kupitisha hela humo mpaka tovuti yake ilipokamatwa Machi 2025. Waliokuwa na salio walibaki wanaangalia kioo.

Jambo la kwetu lisisahauliwe: tangu Julai 2025 kuna amri ya leseni inayomkataza asiye raia kununua mazao shambani. Mgeni akitaka kuzunguka mwenyewe na mizani Masoko au Isongole, mzuieni, hata awe safi kama maziwa ya Tukuyu. Na asionyeshwe ardhi ya kijiji "kwa baadaye". Mgeni hamiliki ardhi kwetu, anapitia mamlaka ya uwekezaji, na halmashauri ya kijiji haina cha kumsainia juu ya kiti cha plastiki.

Kuna ombi moja ambalo likitokea nasimamisha mazungumzo ya parachichi. Ni pale mnunuzi anapoanza kuuliza habari za vijana. Ana nafasi za kazi, mafunzo ya hoteli, ndege inalipwa. Mwaka 2024 waandishi wa habari wa shirika la AP walifichua mpango uitwao Alabuga Start, uliowachukua wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 wakidhani wanakwenda kazi na masomo, wakajikuta Tatarstan wanaunganisha droni za vita. Na sisi tumezika. Januari 2023 ulirudishwa mwili wa kijana wetu aliyekwenda Moscow kusoma, akafungwa jela, akachukuliwa na Wagner akafie Ukraine. Kaburi lake liko hapa nchini. Kwa hiyo mama akija kuniuliza, "Dada, yule mnunuzi anasema atamchukua binti yangu," mimi simjibu kwa orodha. Namuuliza jina la mwajiri, mji, na mkataba kwa Kiswahili. Mpaka leo hakuna aliyerudi navyo vyote vitatu.

Sasa jina limegonga, kila kitu kimelingana. Usimwite mwizi. Huenda hajavunja sheria yoyote ya Tanzania, na ukimwandika kwenye kundi la WhatsApp ukakosea, wewe ndiye utakayeitwa polisi. Nenda kwa afisa wa benki yenu anayehusika na fedha za kigeni, na karatasi zako, umuulize kwa maandishi kama watapokea malipo kutoka kwa kampuni hii. Wana programu kubwa kuliko simu yako na wanajibu ndani ya siku chache. Kikundi kikiwa chini ya ushirika, afisa ushirika wa wilaya naye apate nakala. Mnunuzi mwandikie barua ya mistari minne: tunashukuru, msimu huu hatutaweza, karibu tena mambo yakibadilika. Sababu usiandike.

Yule wa Dubai alinipigia mwezi wa nne. Shikamoo imekaa vizuri mdomoni, Kiswahili kimenyooka. Anasema mbia ametoka, kampuni ni mpya, jina jipya. Nikamwambia alete cheti cha hisa, tarehe ya uhamisho na jina la aliyenunua zile 40. Amesema atatuma kesho. Ukurasa wake nimeuacha wazi, nimebandika kibanio, na kile kipande cha nne nimekiandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu.